Barua Iliyopata Nyumba Yake

Mwaka mama alipokuwa anakusanya karatasi zake za kustaafu, barua moja haikuonekana. Barua ya ajira ilikuwepo. Za kupandishwa cheo zilikuwepo, na hati za mshahara pia. Iliyokosekana ni barua ya kuthibitishwa kazini, karatasi moja iliyochapwa kwa taipureta miaka mingi nyuma, na bila hiyo madai ya mafao yake yangekwama kabla hayajaanza safari. Mama alikuwa muuguzi. Alihamishwa mara kadhaa, na kituo chake cha mwisho kilikuwa wilayani Kisarawe. Nilimsindikiza. Tulipanda daladala Gongo la Mboto, tukapita Pugu, barabara ikaanza kupanda vilima na msitu ukatukaribia, na njia nzima mama aliikumbatia bahasha yake ya kaki kifuani bila kusema neno.

Masijala ina kaunta, na mgeni haruhusiwi kuivuka. Tulisimama upande wetu. Upande wa pili alikuwepo msimamizi, mama wa makamo aliyejifunga kanga juu ya gauni kwa ajili ya vumbi, na kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni. Kijana alilifunua jalada la mama, akapekua harakaharaka, akasema, "Haimo, mama." Msimamizi hakumgombeza. Alilivuta jalada taratibu, akalifungua upya, na hakusoma barua hata moja. Alisoma namba tu, zile namba ndogo za wino mwekundu zinazoandikwa kona ya juu kulia ya kila karatasi, ambazo watu wa masijala huziita folio. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Ishirini.

Kidole chake kikasimama hapo.

"Dada yangu, barua yako ipo," alimwambia mama. "Humu haimo, lakini ipo." Kisha akamgeukia kijana kwa sauti ya chini. "Mwanangu, usimwambie mtu haipo. Sema kumi na tisa haipo mahali pake." Akafunua upande wa kushoto wa jalada, kwenye karatasi ya madokezo, akamwonyesha mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono na mtu ambaye huenda alishastaafu zamani: mtumishi amethibitishwa kazini, tazama folio 19. Aliyeandika mstari ule aliiona barua kwa macho yake, tena ikiwa na namba. Kwa hiyo ilichapwa, ilipokelewa, iliwekwa jaladani, halafu ikatoka.

Swali lililofuata lilinishangaza. "Kule ulikokuwa kabla ya kuja huku, alikuwepo mwenzako wa jina hili?" Mama alishtuka, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwepo. Jina la kwanza moja, la baba moja, wote wauguzi, na walikuwa wakipelekeana barua zilizopotea njia. Msimamizi akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Barua ya kwenda kwenye ile ofisi ya zamani, ambayo sitaitaja, iliondoka siku ileile, ikitaja namba ya jalada, namba ya folio, na ombi la kulitazama pia jalada la yule mwenye jina lake. Wiki chache baadaye mama aliitwa. Folio ya 19 ilikuwa imerudi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusimama kwenye kaunta za masijala na kutazama. Wengine hutazama mafundi wa jahazi, au kinyozi, au mama anayesuka ukili. Mimi nimetokea kuwapenda makarani.

Kazi hii ina majina mengi, na mengi kati yake hutamkwa na watu kwa namna ya kuidogosha. Karani ni neno la zamani, lililotufikia kwa njia ya bahari. Masijala lina mizizi katika Kiarabu, palepale lilipotoka neno sajili. Siku hizi cheo cha serikalini huitwa Msaidizi wa Kumbukumbu au Mtunza Kumbukumbu, na jirani yake kwa miaka mingi aliitwa Katibu Mahsusi, ambaye watu wazima bado humwita mhazili. Wote hao, pamoja na mhudumu wa ofisi na yule tuliyezoea kumwita tarishi, huanza chini kabisa ya ngazi. Nafasi za halmashauri za Mkoa wa Pwani zinapotangazwa, iwe Kibaha Mjini, iwe Kisarawe, nafasi hizi hukaa pamoja na za Watendaji wa Vijiji au Mitaa, na vijana huzisoma kwenye simu wakitafuta sifa tu: kidato cha nne au cha sita, stashahada ya utunzaji kumbukumbu, ujuzi wa kompyuta. Orodha ya majukumu huiruka.

Mimi nimeisoma orodha hiyo mara nyingi, na naiona nzuri. Jukumu linalotangulia kwa kawaida ni kutafuta: kutafuta kumbukumbu, nyaraka au majalada yanayohitajiwa na wasomaji. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika lugha ya masijala, afisa mwenye kiti cha kuzunguka na kiyoyozi ni msomaji. Mkuu wa idara ni msomaji. Mkurugenzi Mtendaji mwenyewe ni msomaji. Wote huja kusoma katika nyumba ambayo mpangaji wake ni mwenye cheo cha chini kuliko wote. Baada ya kutafuta huja kupokea na kuandikisha, kisha kuchambua na kupanga kwa makundi kulingana na somo, kisha kuweka barua jaladani na majalada kwenye reki. Aliyeipanga orodha hiyo alianza na siku ya kuhitajika kwa karatasi, ndipo akarudi nyuma kueleza yote yanayotakiwa kufanywa ili siku hiyo isiwe ya aibu.

Nilitaka kuona inavyofanyika. Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, mji uliojipanga kando ya Barabara ya Morogoro kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, na ofisi zake za umma hupokea karatasi kutoka kila upande wa mkoa. Niliomba ruhusa katika masijala moja ya pale, nikapewa benchi la wageni na sharti moja: nitazame mikono, nisitazame karatasi. Sharti hilo peke yake lilinifundisha jambo kuhusu kazi yao.

Siku ilianza kwa muhuri. Kabla ya dirisha kufunguliwa, kabla ya chai, msimamizi aliuchukua muhuri wa kupokelea, akazungusha vigurudumu vya tarehe kwa ukucha, akaupiga kwenye karatasi chakavu na kuusoma kwa sauti. Kisha akampa karani, naye akausoma kwa sauti. Nilidhani ni mazoea tu mpaka nilipoelezwa. Barua iliyopigwa tarehe ya jana ni ushahidi wa uongo. Rufaa ina siku zake, zabuni ina saa yake, maombi ya kazi yana mwisho wake. Mtu aliyeamka Mlandizi alfajiri kuwahi siku ya mwisho anaweza kuonekana amechelewa, au mzembe akaonekana amewahi, kwa sababu kigurudumu kimoja cha mpira hakikuzungushwa.

Barua zikaanza kuingia. Niliifuata moja kwa macho, ya mzee aliyekuja na kofia yake mkononi. Karani alimpa "shikamoo" kabla ya kuigusa bahasha, akaipokea kwa mikono miwili, akaipiga muhuri, akampigia na nakala yake mzee ili aondoke na ushahidi. Kisha akafungua rejista ya barua zinazoingia. Tarehe iliyopokelewa, tarehe ya barua yenyewe, ilikotoka, kumbukumbu namba kama ipo, inahusu nini. Mstari mmoja tu, lakini mstari huo una tarehe mbili, na nimekuja kugundua kwamba nafasi baina ya tarehe hizo mbili ni habari kamili. Barua iliyoandikwa mwezi uliopita na kufika leo imekaa mahali, na siku moja mtu atauliza imekaa wapi.

Kigumu kilikuja baada ya hapo. Barua zetu huwa na kichwa kinachoanza na "Yah:", na karani mchanga hukiamini. Barua ya mzee, nilivyoelezwa bila kutajiwa jina, ilikuwa na kichwa cha ombi la kuonana na mkuu. Ndani yake ilihusu mpaka wa kiwanja. Karani aliisoma, akanyanyuka, akaelekea kwenye majalada ya utawala, akasita, akarudi. Akaisoma tena. Safari ya pili akaenda kwenye majalada ya ardhi. Msimamizi alikuwa ameinamia kazi yake, lakini nilimwona akimfuatilia kwa jicho, na aliporudi na jalada sahihi alitikisa kichwa kidogo tu, ishara ya kukubali, akaendelea kuandika. Kama ile barua ingewekwa kwenye jalada la maombi ya kuonana, ingekaa humo salama salimini, imetobolewa vizuri, imepewa namba vizuri, na imepotea. Kibaha ardhi inauzwa na kununuliwa kila siku, mji unapanuka kuelekea kila upande, na mzozo wa mpaka unaweza kuishi kuliko waliouanzisha. Miaka 15 ijayo mtu atakayelitafuta shauri hilo ataanzia kwenye jalada la kiwanja. Karani yule alimfikiria mtu huyo.

Huo ndio uchambuzi unaotajwa kwenye orodha ya majukumu. Mtu akisikia kupanga mafaili hudhani ni kazi ya mikono. Ni kazi ya kusoma. Lazima uelewe barua inataka nini chini ya inachosema, na lazima ujue ramani nzima ya mambo ya ofisi, lipi ni tawi la lipi, na ufanye hivyo mara 60 kwa siku watu wakiwa wamesimama kauntani. Zile herufi na namba zenye mikwaju zinazokaa juu ya barua ya serikali mbele ya maneno "Kumb. Na." ndiyo anwani ya nyumba katika ramani hiyo: mtaa, nyumba, chumba. Wananchi wengi huziona kama mapambo. Ukiziandika kwenye barua yako ya majibu umempunguzia karani nusu saa.

Ilipopata jalada, barua ilitobolewa kona ya juu kushoto, mara moja tu. Ikalazwa juu ya zilizoitangulia, ikafungwa kwa kamba yake yenye ncha za chuma, ikapewa folio kwa wino mwekundu. Kwenye karatasi ya madokezo karani akaandika kwamba folio hiyo inawasilishwa kwa fulani, akaweka tarehe. Ikiwa ni jibu la barua ya nyuma, namba za barua hizo mbili huandikwa zikitazamana, ili msomaji wa baadaye aongozwe kutoka moja hadi nyingine kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Jalada likaingizwa kwenye kitabu cha mwendo, na mahali lilipotolewa kwenye reki pakawekwa kadi: limekwenda kwa nani, lini.

Kadi ile naiheshimu sana. Pengo kwenye reki ni kitendawili, na pengo lenye kadi ni jibu.

Yapo masharti mengine ambayo niliyasikia yakirudiwa mpaka nikayakariri. Jalada haliombwi kwa mdomo kwenye korido. Jalada halihami kutoka meza ya afisa mmoja kwenda kwa mwingine bila masijala kujua. Jalada likinenepa hufungwa na kufunguliwa juzuu jipya, na la zamani halitupwi. Na sharti lililo juu ya yote: folio haichomolewi. Ukitaka nakala, unatoa nakala jalada likiwa mikononi mwako, unarudisha wewe mwenyewe. Folio ya 19 ya mama iliporudi Kisarawe, msimamizi alimwonyesha kijana wake kona ya juu kushoto. Ilikuwa na matundu mawili. Moja lilikuwa la jalada la mama. La pili, pembeni kidogo, lilikuwa la jalada la yule mwenye jina lake. Mtu aliichomoa akatoe nakala, akaongea na mtu, akaitwa mahali, akarudi na karatasi mkononi akasoma jina akalitafuta jalada lenye jina hilo. Hakuwa na nia mbaya. Huku kwetu Pwani ukiita Juma Salum sokoni wanageuka watu saba, ndiyo maana karani aliyefundwa hupanga watumishi kwa namba, na jina hulitumia kuhakikishia tu.

Sasa niseme juu ya usimamizi, kwa sababu bila huo haya yote hayafundishiki. Cheti unakipata chuoni. Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 2000, kimefundisha watunza kumbukumbu na makatibu mahsusi wengi, na Tabora ina sifa ya zamani ya uhazili. Kuna makatibu waliotoka huko ambao hatimkato yao ya maneno 80 kwa dakika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, bado iko vidoleni. Lakini mwajiriwa mpya serikalini huingia kwanza katika kipindi cha majaribio cha mwaka mmoja, na mwaka huo ndio unaomfanya karani au kumharibu. Anayeushika mwaka huo ni msimamizi wa masijala.

Yule wa Kisarawe, nilipomrudia baadaye kumshukuru, alinieleza njia yake. Wiki mbili za kwanza kijana hapewi kalamu nyekundu. Anabeba kitabu cha kusambazia barua na kuzunguka nacho ofisi zote, na kila mlango anaopeleka barua lazima arudi na sahihi. Lengo ni azijue sura za wasomaji na azijue tabia zao: nani hurudisha jalada siku hiyohiyo, nani hulifungia kabatini, nani husaini bila kutazama. Baada ya hapo anakaa kwenye rejista. Jaladani anaingia mwisho, na kwa mwezi mzima kila folio anayoandika hupitiwa na msimamizi kabla kamba haijafungwa.

"Nikimsahihisha mbele ya wageni, kesho ataficha," aliniambia. Hilo ndilo alilokuwa analifanya siku ile alipomnong'oneza kijana wake mbele yetu, na mimi nilidhani ni upole wa kuzaliwa. Kosa la masijala ambalo limefichwa ni baya kuliko lililofanyika. Barua iliyowekwa pasipo pake inaweza kupatikana ikiwa aliyeiweka atasema, "Mama, nadhani niliiweka kule." Akiogopa kusema, hakuna mtu duniani anayejua ilipo. Kwa hiyo msimamizi mwema hujenga chumba ambacho mtoto wa watu anaweza kukiri kosa saa nne asubuhi na bado akanywa chai na wenzake saa tano.

Kila Ijumaa mchana yeye huchomoa majalada matano yoyote. Hachagui. Huhesabu folio, hulinganisha na rejista, hutazama kama madokezo yana tarehe na sahihi. Na mara kwa mara hufanya kile wanachokiita sensa ya majalada: makarani hupita ofisi kwa ofisi na daftari, wakiandika kila jalada lililo juu ya meza, chini ya meza, juu ya kabati, kwenye mkoba. Tuliwasifu sana makarani wa sensa ya Agosti 2022 waliohesabu Watanzania milioni 61 na ushee, na walistahili. Hawa wa masijala huhesabu kila mara, na anayehesabiwa mara nyingi ni mkubwa wao, tena aliyekasirika. Inahitaji adabu na inahitaji uso mkavu. Nilimsikia karani wa miaka 20 na kitu akimwambia afisa mwenye umri wa baba yake, "Shikamoo mzee, naomba nilione tu jalada, silichukui," na afisa akafungua droo.

Kisha kuna siri. Mtumishi wa masijala hula kiapo, na kuna masijala ya wazi na masijala ya siri, lakini hata ile ya wazi ina mambo yanayotosha kuvunja nyumba. Karani anajua nani amepewa onyo, nani ameomba mkopo, nani anahama na hajamwambia mwenzi wake. Kisarawe ni mji mdogo. Watu hukutana msikitini, kanisani, harusini, kwenye foleni ya maji. Karani hukutana na majalada yake yakitembea kwa miguu, huyaamkia, hupita. Msimamizi alisema hicho ndicho kitu pekee asichoweza kukikagua Ijumaa. Hukitazama kwa njia nyingine: kijana akilifungua jalada kutafuta barua, macho yake yanasimama wapi? Aliyefundwa hutazama kona ya juu kulia, hupata namba, hufunga. Ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile hakusoma barua za mama hata moja. Alikuwa anamfundisha kijana na alikuwa anamstahi mama, kwa tendo lilelile.

Mifumo ya kupima utendaji haijaweza kuona haya. Mwaka 2004 ulikuja OPRAS, na kwa miaka mingi watumishi walijaza fomu zake. Sasa kuna mfumo wa kielektroniki uitwao PEPMIS. Karani anaweza kujaza idadi ya barua alizopokea na majalada aliyofungua. Barua ambazo hazikupotea hazina kisanduku. Naona hili ni jambo la kusikitisha, na linaeleza kwa nini vijana wenye akili hukimbilia idara nyingine mara tu wanapopata nafasi, na masijala kubaki mahali pa kupelekwa mtu aliyekosa pa kuwekwa.

Haikuwa hivyo daima. Zamani karani alikuwa mtu wa heshima, na wengi walioandika historia yetu walianzia kwenye meza hiyo. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani Unguja, alikuwa karani Tanga, na mwaka 1922 ndiye aliyeanzisha huko chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kabla hakijakuwepo chama chochote cha siasa tunachokikumbuka. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani baadaye kilihamia bara, Minaki, hapahapa Kisarawe, na kuendelea kutoa watu wa kalamu. Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha kama karani mwaka 1926 na akaitumikia serikali ya kikoloni kwa muda mrefu wa maisha yake ya kazi. Sidhani ni bahati kwamba mwandishi mwenye sentensi zilizopangwa kama zake alishinda mchana akiandikisha mizigo na tarehe. Kisarawe yenyewe ilikuwa makao ya wilaya ya Uzaramo wakati wa Waingereza, na John Iliffe alipochapisha historia yake kubwa ya Tanganyika mwaka 1979 alitegemea sana Nyaraka za Taifa, maana yake alitegemea majalada ambayo makarani wasiotajwa waliyatoboa kona moja na kuyapa namba.

Sheria inaijua thamani ya majalada hayo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, hairuhusu ofisi ya umma kuteketeza kumbukumbu kwa kujiamulia, na imeweka miaka 30 kuwa umri wa kumbukumbu kuanza kufunguliwa kwa umma. Hesabu kidogo: barua iliyopokelewa Kibaha leo asubuhi na kijana wa majaribio itasomwa na mtafiti ambaye leo bado hajaanza shule.

Ila lazima ifike. Pwani karatasi ina maadui. Unyevu hulainisha kingo, wino wa muhuri husambaa, mchwa hupanda ukutani usiku mmoja. Kwa hiyo reki ni za chuma na hazigusi ukuta, maboksi ya majalada yaliyofungwa hukaa juu ya chaga na kamwe si sakafuni, na msimamizi anayejua kazi hupitisha kiganja nyuma ya reki msimu wa masika kutafuta udongo mbichi. Hilo nalo hufundishwa kwa kiganja, halimo kwenye orodha ya majukumu.

Kompyuta zimeingia, na nyingi kati ya ofisi hizi sasa huskani barua na kuzipitisha kwa mfumo wa Ofisi Mtandao. Makarani niliozungumza nao wanaufurahia mfumo, kwa sababu jalada la kielektroniki haliwezi kufichwa kwenye droo. Lakini barua ya yule mzee wa mpaka wa kiwanja ingeskaniwa chini ya "ombi la kuonana na mkuu" ingekuwa imepotea vilevile, kwa kasi zaidi. Yule aliyesita, akarudi, akaisoma mara ya pili, bado anahitajika.

Kijana wa Kisarawe amekwishathibitishwa kazini. Nilimkuta mara ya mwisho akimkagua mwingine aliyeajiriwa baada yake, akihesabu folio kwa kidole, midomo ikitikisika. Barua yake ya kuthibitishwa imo jaladani mwake. Msimamizi alimpa kalamu nyekundu aiandikie namba mwenyewe.

Ninyi mnaoitwa wasomaji, wakuu wa idara na maofisa wa Kibaha, Kisarawe na kwingineko: fungueni droo zenu leo, kabla ya Ijumaa. Jalada mlilokaa nalo tangu mwezi uliopita lina mwenyewe, naye pengine amesimama kauntani sasa hivi na bahasha ya kaki kifuani. Lirudisheni masijala, na mkifika pale msaini kitabu.